Migunga ya Nyanya kwenye Ubao wa Reli

Nyumba ya kwanza niliyoiona kwenye ubao ule ilikuwa na bomba la moshi. Ilikuwa ya plastiki, paa lake limeinama sana kama la nchi zenye theluji, na juu ya paa bomba limesimama, limepakwa rangi ya matofali. Mbele yake mtu alikuwa amebandika karatasi iliyochapwa: LODWAR.

Nilikuwa nimekuja kuomba kazi, bahasha ya vyeti kwapani, na mwombaji hachagui cha kukasirikia. Lakini nilikasirika. Mji ambao saa nne asubuhi huwezi kushika kitasa cha chuma kwa mkono mtupu, nani anawasha moto ndani ya nyumba hadi ahitaji bomba?

Ofisi ile ilikuwa ya kampuni moja iliyopewa kazi ya kuwaeleza watu wa Turkana kuhusu reli inayopangwa kupita kwetu. Walikuwa wameamua, bila kutuuliza, kwamba watu wetu hawawezi kusoma ramani. Kwa hiyo wakaagiza treni ya mfano kutoka ng'ambo, na ubao mkubwa wa vipande vitatu vinavyounganishwa, ambao juu yake treni ingezunguka kati ya Lodwar na Kakuma huku watu wakitazama. Treni yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Taa zake zilikuwa zinawaka. Ila nchi iliyokuwa ikipitia haikuwa nchi yetu. Milima ya kijani. Nyasi. Nyumba za mabomba ya moshi. Mahali pengine popote ubao ulikuwa mtupu, umepakwa rangi ya mchanga, kana kwamba sisi wengine tulikuwa safarini siku ulipopakwa.

"Ulisomea ubunifu wa majengo?" msimamizi wa mradi aliniuliza. Alikuwa mhandisi kutoka kule tunakokuita Kenya, maana kwetu ukipita Kitale ndipo umefika Kenya. "Basi unaweza kututengenezea nyumba za huku? Ndogo, za kuenea hapa. Vitu vya kununua nimechoka navyo, haviendani."

Nilisema naweza. Halafu njia nzima ya kurudi Kanamkemer, nyuma ya bodaboda, nilijiuliza kama kweli naweza, na kama nimesema "naweza" kwa sauti ya mtu anayeweza.

Kila kitu kwenye ubao kilikuwa kimepunguzwa mara themanini na saba. Sijui nani alichagua themanini na saba. Miezi yote ile nilimchukia mtu huyo. Mwanadamu mrefu alikuwa na sentimita mbili. Mlango wa duka, mbili na nusu. Nilizunguka mjini na futi ya utepe nikipima majengo, na mwenye duka moja la vyakula akatoka nje akiwa ameshika kijiko cha kupimia sukari.

"Unapima duka langu. Mnabomoa?"

"Hapana. Natengeneza lingine dogo."

"Dogo la nani?"

"La treni."

Akaninyooshea kijiko. "Basi andika jina la duka vizuri, lisomeke. Na uweke watu wengi mlangoni. Usiniweke peke yangu kama leo."

Niliweka watu tisa.

Kuta nilizikata kwa wembe kutoka katoni za unga na za sabuni, nikazipaka gundi iliyochanganywa na mchanga uliochujwa kwa soksi. Mabati ndiyo yaliyonitesa. Fundi mmoja Mkongomani anayefanya kazi ya bati kambini Kakuma ndiye aliyenionyesha njia: alipanga spoki za baiskeli sambamba juu ya kipande cha mbao, akaweka juu yake bati la kopo la soda, akalikandamiza kwa spoki nyingine, mfereji baada ya mfereji, hadi bati likawa na mawimbi. Kwa hesabu zangu mawimbi yale yalikuwa makubwa mara mbili kuliko yanavyotakiwa. Hakuna aliyegundua. Mimi nilijua, na kila nilipoona paa nililiona kosa kabla sijaliona paa.

Kwa nyumba za majani ya mikoma nilikwenda kwa nyanya. Anakaa kando ya mto Turkwel, upande wa kuelekea Lorugum, na boma lake liko karibu kabisa na mahali ambapo, kwenye ubao, reli ilikuwa inavuka mto kwa daraja. Nilimpelekea kiunzi cha waya cha kibanda, kikubwa kama nusu ya limau, nilichokuwa nimekipinda kwa siku mbili.

"Ejok, Ata," nilimsalimu, nikamwekea kiganjani.

Alikigeuzageuza. Kwetu nyumba hujengwa na wanawake. Mwanaume hukaa kivulini akingoja iishe. "Umesoma miaka minne," alisema, "uwe mwanamke?"

Wanawake waliokuwa wakisuka karibu walicheka hadi mmoja akalala chali. Lakini nyanya hakunirudishia kiunzi. Alichambua jani kavu la mkoma kwa kucha, akapata nyuzi nyembamba, akaanza kufunika kutoka chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini ili maji yasiingie. Nilimwambia hakuna mvua kwenye ubao. Akasema nyumba haijengwi kwa kuangalia kama mvua ipo.

Siku hiyo ndiyo alinionyesha tena miti yake. Nilikuwa naijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuiangalia kama mtu anayetakiwa kuitengeneza. Ni migunga kumi na mmoja ukingoni mwa mto. Mgeni akipita ataona msitu tu, usio na ua wala kibao. Lakini msitu ule wote umegawanywa. Kila familia ina sehemu yake, tunaiita ekwar, na kila mti una mwenyewe. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeisha, mwenye mti huchukua ufito mrefu wenye ndoana, hutikisa matawi, na yale maganda yaliyojikunja huanguka mbuzi wakala. Bila migunga ile kumi na mmoja mbuzi wa nyanya hawafiki mvua, na bila mbuzi wale nyanya hafiki. Ekwar yake inaishia kwenye korongo kavu linaloingia mtoni. Ng'ambo ya korongo ni ya mzee mmoja jirani yake, na wamepakana hivyo tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Nilirudi Lodwar nikaitengeneza yote kumi na mmoja. Vigogo vilikuwa vijiti vya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa mji mzima, matawi nyuzi za waya wa umeme nilizozitandaza bapa kama mwavuli, na majani yalikuwa majani ya chai yaliyokwisha kupikwa nyumbani, nikayakausha juani na kuyabandika kwa gundi. Mmoja ulikuwa na mashina mawili, nikaufanya na mashina mawili. Mmoja ulikuwa umekatika tawi la upande wa mto, nikalikata.

"Niiweke wapi hii?" nilimuuliza bosi, ingawa nilijua.

"Popote panapopendeza."

Jibu lile lilinikera wiki nzima. Niliiweka mahali pake, upande wa nyanya, korongo likiwa kushoto, pamoja na kibanda alichokifunika kwa mkono wake. Nilijisikia kama mtu aliyetenda haki.

Kabla ya mkutano mkubwa wa Lodwar, ubao ulipelekwa Kakuma kuonyeshwa. Tulipofika na kuunganisha vipande, viungo havikukubali. Barabara ilikuwa imetikisa lori hadi mbao zikapinda. Kati ya kipande cha pili na cha tatu palikuwa na ufa wa kuingia kalamu, na ndani ya ufa waya mwekundu na mweusi ulionekana waziwazi. Ufa ulipita ukingoni mwa Turkwel, upande wa pili wa korongo. Watu walikuwa wameanza kuingia ukumbini. Bosi, fimbo yake ya kuonyeshea mkononi, alinong'ona, "Fanya kitu hapo, haraka."

Nikafanya. Niling'oa migunga yote kumi na mmoja na kuibandika vidole vinne kushoto, ng'ambo ya korongo, juu ya ufa. Majani ya chai yalifunika waya wote. Ilipendeza kuliko mwanzo, ikafanya kichaka kizuri ambacho treni ilikuwa inatokea nyuma yake.

Fundi wa Kongo alikuja kutazama. Alizipita nyumba zangu zote akaenda kusimama mbele ya ile ya plastiki, ambayo bosi alikataa niiondoe kwa sababu, alisema, stesheni inatakiwa ionekane ya kisasa.

"Ndugu," fundi aliniambia, akigusa bomba la moshi, "hii shemine ni ya nini? Jua ya huku haitoshi? Banatafuta joto ingine?"

"Muulize huyo mwenye fimbo."

"Hapana, mi niko mukimbizi, siulizake watu ya fimbo." Akainama juu ya kambi niliyoijenga, safu za vyumba vya udongo na mabati. "Eh. Hapa ni kwangu. Mlango umeuweka upande ya mubaya, lakini ni kwangu kabisa."

Jioni ile nilikaa nikiwaza mlango wa fundi. Niliwaza pia kama mawimbi ya mabati yamemkera na akanificha. Miti sikuiwaza hata mara moja. Mimi, ninayeweza kupoteza siku nzima nikijiuliza kama nimeandika "wako mtiifu" mahali pa "wako mwaminifu", nilisahau miti ya nyanya yangu ng'ambo ya korongo, na ubao ukarudishwa Lodwar vilevile.

Mkutano wa Lodwar ulijaa. Nyanya alikuja amevaa shanga zake zote. Yule mzee jirani naye alikuja, na kigoda chake mkononi, akakaa mbele kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Bosi alizungumza Kiswahili, mimi nikakigeuza Kiturkana, na karani alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu za mkutano. Treni ilizunguka mara mbili, watu wakashangilia. Halafu bosi akaisimamisha, akanyoosha fimbo kwenye mto.

"Kama mnavyoona wenyewe," alisema, "upande huu wa korongo hakuna miti. Ni ardhi tupu. Kwa hiyo nguzo za daraja na kambi ya wafanyakazi zitakaa hapa. Hakuna mtu tutamsumbua, hakuna mti wa mtu tutakata."

Akanigeukia nitafsiri.

Nilifungua mdomo na sentensi ilikuwa imeshatoka nusu kabla sijaisikia. Ardhi tupu. Nilimwambia nyanya yangu, mbele ya watu wote, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba ekwar yake haina miti. Fimbo ilikuwa imeelekea palepale nilipoing'oa. Matone ya gundi kavu bado yalikuwepo.

Mzee alinyanyuka kutoka kigodani, akainama juu ya ubao, akahesabu kwa kidole. Kisha akamgeukia nyanya.

"Wewe mwanamke, umevuka korongo lini? Mimi nilikuwa nimelala?"

Watu wakacheka. Kila mtu wa upande ule aliijua miti ile, wenye mashina mawili na wenye tawi lililokatika.

"Sijavuka," nyanya alisema. "Muulize huyo aliyesoma."

"Wanasema nini?" bosi aliniuliza.

"Wanasema miti haiko mahali pake. Mahali pake ni hapo uliposema ni patupu. Mimi ndiye niliyeihamisha tulipokuwa Kakuma, kuficha ule ufa."

"Sawa. Waambie miti ni mapambo tu. Tuendelee."

"Si mapambo. Ni ya huyu mama."

"Wewe," alisema polepole, bado akiwatabasamia watu, "kazi yako ilikuwa gani? Ilikuwa ipendeze. Imependeza. Tafsiri."

Nilitafsiri. Nilitafsiri kila neno, pamoja na "ipendeze". Halafu nikaenda kwenye ubao nikaanza kuing'oa miti, mmoja mmoja, na kuirudisha. Kwa haraka yangu mti mmoja ukavunjika. Bosi alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile ni mali ya kampuni na nisiiguse. Nikaendelea. Nilipomaliza, ufa ulibaki wazi na waya wake, na ukingo wa nyanya ulikuwa na miti.

Karani aliinua kichwa. "Nifute ile ya ardhi tupu?"

"Andika kilichosemwa," bosi alijibu. "Kimesemwa au hakijasemwa?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa kubwa kuliko nilivyojua naweza kuibeba. Walituletea mchezo kwa sababu, walisema, hatuwezi kusoma ramani. Tukausoma mchezo, tena vizuri kuliko walioutengeneza. Tukawaonyesha kosa kwa kidole. Wakasema ni mchezo tu. Lakini kwenye karatasi mchezo ule ukabaki kuwa ushahidi. Na mimi, ambaye ningeweza kukasirika kwa raha kama ingekuwa ni wao peke yao, nilikuwa na gundi yao chini ya kucha.

Kesho yake bosi alinishukuru kwa huduma zangu na kuniambia nisirudi. Nilimwambia nitaondoka, ila kumbukumbu zirekebishwe kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na nusu yake niliyasahau.

"Sikiliza," alisema, na safari hii hakuwa mkali, alikuwa mtu aliyechoka. "Nitarekebisha kwa msingi gani? Kwa neno la mjukuu wake? Aliyesimama kulalamika ni jirani. Jirani aseme, palepale mtoni, kwamba miti hiyo si yake ni ya nyanya yako, nami nitaandika."

Nilikwenda kwa mzee. Nilimweleza yote huku nimesimama, kwa maana hakuniambia nikae. Nilimwomba aweke dole gumba kwenye barua niliyokuwa nimeiandika mara sita.

"Barua siwekei," alisema. "Mambo ya kuandikaandika ndiyo yametufikisha hapa. Mlete huyo mwenye fimbo atembee."

Bosi alikuja baada ya mimi kumpigia simu hadi nikaona aibu na kuendelea kupiga. Alikuja asubuhi, na viatu vyake vya ofisini, na karani wake. Nyanya alikuwa amekaa chini ya mti wa kwanza. Mzee alikuwa amefika kabla yetu wote.

Walitembea. Mzee alipiga kila shina kwa fimbo yake na kusema, "Huu ni wa yule mama," nami nikatafsiri, na karani akaandika. Hakuharakisha. Kwenye ule wenye mashina mawili alieleza ulivyogawanyika, na nyanya akamkosoa mwaka, wakabishana, na bosi akasimama juani akijipepea kwa daftari. Nilianza kupumua. Nilianza hata kumpenda mzee yule. Mti wa pili, wa tano, wa tisa, wa kumi.

Wa kumi na moja uko pembeni kabisa, mizizi yake ya upande mmoja imening'inia kwenye korongo. Mzee alifika akasimama. Hakuupiga kwa fimbo. Aliweka kiganja juu ya gome.

"Huu ni wangu," alisema.

Nilidhani amekosea. "Mzee, huu ni wa Ata. Umeshahesabu."

"Nimehesabu kumi. Wewe mwenyewe uliwavusha kwangu wote, watu wa Lodwar wakaona. Kumi wamerudi nyumbani. Huyu mmoja nadhani alipenda kukaa." Alimtazama nyanya. "Au nimesema uongo? Kama nimesema uongo, nianze upya kule mwanzo."

Bosi aliuliza amesemaje. Nilikuwa natafuta maneno kichwani, na safari hii yalikuwepo yote. Hii ni kunyang'anya, huwezi kuuza ukweli kwa mti mmoja, hata mimi niliyekosea sikukosa kwa makusudi. Nyanya alinishika mkono juu ya kiwiko. Hakunishika kwa nguvu. Aliutazama ule mti kutoka chini hadi juu, kama mtu anayeangalia kama kuna ganda limebaki.

"Ni wake," alisema.

"Ata."

"Mwambie huyo mwenye daftari. Kumi ni yangu, na huu ni wake."

Nikatafsiri. Karani akaandika kumi. Bosi akasaini palepale juu ya boneti ya gari, akasema anafurahi jambo limeisha vizuri, na mzee akachukua kigoda chake akaondoka kwa kukata korongo, bila kutuaga.

Nyanya hakunilaumu, siku ile wala baadaye, na mimi nimejaribu mara nyingi kumfanya anilaumu. Nilibaki naye hadi alasiri. Mbuzi waliposhuka ukingoni waliipita ile migunga kumi bila kuiangalia, wakaenda moja kwa moja hadi wa mwisho, kwa kuwa ndio huanza kudondosha maganda kabla ya mingine yote. Nyanya aliinuka akachukua fimbo, akaanza kuwarudisha mmoja mmoja.